Siwema Asipandwe Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, nilipaswa kukuandikia tangu siku punda wetu Siwema alipozaa. Nilikuwa naogopa kuyaona haya kwenye karatasi. Kaka akusomee yote, asiruke kitu, hata kama macho bado yanakuuma.

Alizaa salama, kondo la nyuma ndilo lililogoma. Nikakumbuka kwa ng'ombe wa bibi ulivyolifungia jiwe, ukaniambia, "Usilivute mwanangu, uzito utalishusha." Nami nikafunga jembe bovu. Lilipoanguka nilishukuru, nikalizika bila kulitandaza nione kama limetoka lote.

Juzi akaanza kutoa uchafu wa kahawia, unanuka hadi jikoni. Nikamwita bwana mifugo, akavaa glovu ya kufika begani, akatoa kipande cha kondo kilichooza.

"Nani kafunga uzito?"

"Mimi."

"Punda si ng'ombe, mama! Kwa huyu, kondo likilala ndani nusu siku tu, ni hatari."

Akapitisha kijiti kirefu chenye pamba mpaka kwenye mji wa mimba, akakitia kichupani kikapimwe mjini. Anasema mji wa mimba umevimba. Ukibaki na makovu, hatashika mimba tena. Sumu ikienea mwilini, tunamkosa. Akanishikisha kwato, maana sumu hiyo huonekana huko mapema. Baba, zina moto.

Unakumbuka tulivyomleta kwa miguu kutoka Kasulu? Ulipochoka ulimshika mkia, ukacheka, "Leo mzigo ni mimi." Sasa maji na mihogo nabeba mimi kichwani, mtoto mgongoni, na nikirudi natazama kwanza kama bado amesimama.

Halafu jana Mzee Ntahondi, mwenye dume, kaja na kamba. "Baba yako alisema siku ya tisa baada ya kuzaa apandwe. Keshokutwa ndiyo ya tisa. Wewe nani wa kuzuia?"

"Mimi ndiye ninayemwosha usaha, mzee. Haendi."

"Basi nangoja neno la mwenye punda."

Najua siku ya tisa ndiyo desturi yako. Safari hii hapana, Baba. Dume akimpanda na uvimbe ule atamuua.

Barua hii inakuja na basi la leo. Mpe dereva wa basi la kesho asubuhi, nitamngoja hapa Kidahwe: glovu ndefu za begani, si zile fupi, kipimajoto, maji ya chumvi ya kusafishia, ya duka la dawa za mifugo, chupa nne, dawa iliyoandikwa kwenye karatasi hii ya pili, yote, msipunguze, na barua kwa Mzee Ntahondi, kaka aandike, wewe uweke dole gumba, kwamba Siwema hapandwi mpaka majibu yatoke.

Binti yako,
Mama Shukuru