Mdogo Wetu wa Kubuni

Nyumba ya Kulala Wageni,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya hospitali kuu.

Jumanne, tarehe 14

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwanza, kisha nakuomba kitu kimoja kabla hujaenda mstari wa pili: toka hapo karakanani, tafuta pembe isiyo na mtu, usome peke yako. Barua hii usiingie nayo nyumbani.

Mama hajambo? Goti lake je, au bado anaficha dawa chini ya godoro na kudai amekunywa? Wifi na watoto? Mimi mwili mzima, ila mafua ya huku yameamua kuhamia kwangu. Moyoni ndiko kubaya.

Unajua kilichonileta. Ulinicheka siku naondoka, ukasema mtu mzima na akili zake anavuka mipaka kwenda kutazama vyumba vya watu, kana kwamba kwetu vyumba vimekwisha. Kitabu changu kinamhusu mwanamke aliyekuja ugenini kufanya kazi za ndani, na nilitaka kuona mwenyewe anapolala, anapofulia, anapougulia. Basi nimezunguka peke yangu mji hadi mji, nikipanda ngazi za watu. Nimeona vyumba visivyo na dirisha, vitanda vya kulaliwa kwa zamu, shuka halijapoa mwingine anaingia. Nikaomba hata kuoneshwa chumba cha maiti cha hospitali hii. Wakaniambia asiye na ndugu huzikwa kwenye shimo la pamoja, bila jina. Nilirudi nikaandika ukurasa wa mwisho wa kitabu kwa furaha, kaka. Nikajipongeza na chai nikanywa.

Hapa ninapolala kulikuwa na dada mmoja msafishaji, anaongea lugha yetu, kwa umri anaweza kuwa mdogo wangu. Wenzake walimwita Kimya, nami sijui walikuwa wanamsikiliza kwa masikio gani, maana tukikutana kwenye ngazi alikuwa haishiwi maneno. Alinitania kwamba kazi yangu ni umbea wenye kalamu. Alinisimulia habari za baba yake, fundi viatu, na jinsi mpaka anamzika hakuwahi kumwona amevaa kiatu kizima. Kwao hakubaki mtu. Alikuwa anakohoa kila siku. Nikamwambia nenda hospitali, akasema akikosa kazini siku moja tu, mwingine anachukua ndoo yake. Wiki iliyopita akaanguka mlangoni pangu. Tulimkimbiza hospitali, lakini Alhamisi akafariki.

Ofisini wakaniuliza mimi ni nani wake. Nikaukumbuka ule ukurasa wangu wa shimo, kila neno lake zuri. Nikasema ni mdogo wangu. Karani akatazama majina yetu, hayafanani hata kidogo. Hapo mdomo wangu, uliokwisha kuzoea kutunga, ukatunga: ni mtoto wa baba, wa nje ya ndoa, alilelewa kwa mama yake, ndiyo maana anatumia jina la huko.

Nisamehe. Nimempakazia marehemu baba, mtu ambaye hata kuchelewa kurudi nyumbani kula hakujua. Nilijua utawaka. Lakini walitaka ndugu mwingine wa damu athibitishe kwa simu, la sivyo shimoni. Nikatoa namba ya karakana, nikatoka nje haraka nikupigie kabla yao. Simu ikawa inatumika. Kumbe ndio wao walikuwa wanaongea na wewe.

Nikarudi kukaa kwenye benchi, nasubiri kufukuzwa kama mwizi. Mkalimani wao akatoka, akanishika bega, akanipa pole. Akasema kaka yako hakungoja hata jina; aliposikia tu ni binti wa baba yenu wa nje ya ndoa akakubali, akalia mpaka kuongea kukamshinda. Mimi na ujinga wangu nikafikiri, huyu kaka yangu mjanja kweli, amenusa jambo akaamua kunibeba. Karibu nicheke. Ndipo akaongeza kwamba uliuliza swali moja tu kabla ya kukata simu: mama yake ameshaambiwa?

Kaka, mama yake nani?

Mtu hamlilii mtu wa kubuni. Nimeligeuza swali lako kila upande, halina pengine pa kwenda. Baba alikuwa na mtoto, wewe ulijua, na mama yake unamjua. Tena binti mwenyewe yuko nchi za watu, ndiyo maana kusikia amefia ugenini hakukukushangaza. Umeibeba siri hiyo peke yako tangu lini? Nimekukasirikia, nikakuhurumia, nikakukasirikia tena. Hayo tutayaongea uso kwa uso, na siku hiyo ujiandae, maana nitapiga kelele.

La haraka ni hili. Kimya tulimzika Jumamosi, mimi na wasafishaji wenzake, kwenye kaburi lake mwenyewe, na jina lake limeandikwa. Hilo sijutii. Lakini huyo si wako. Tangu Ijumaa nikipiga karakanani, fundi mwenzako anasema umesafiri kwenda msibani, hajui kwa nani. Nikipiga nyumbani anapokea mama, na ile simu yenu sauti iko juu mpaka jirani anajibu. Nimeshindwa kusema. Lakini mimi najua umekwenda kwa nani.

Umemkalisha mama wa watu chini, ukamwambia mwanawe amekufa. Sasa hivi analia kwa uongo wangu. Na kama binti ni wa kupotea miaka bila simu, huyo mama hana hata pa kuuliza.

Barua hii anakuletea muuguzi mmoja anayerudi likizo, ndege yake ni kesho asubuhi. Ameahidi kuitia mkononi mwako wewe mwenyewe, hata kama itabidi akusubiri mlangoni pa karakana mpaka urudi. Ukishaisoma, rudi kwa huyo mama leo leo. Usioge, usile. Mwambie aliyezikwa ni mtoto wa watu wengine, na mwongo ni mimi. Akitaka kunilaani, mwache anilaani.

Kitabu sikitaki hata kukiona. Ule ukurasa nimeuchana.

Msalimie mama, umdanganye kwamba ninalala vizuri. Msalimie wifi, watoto, na shangazi wa dukani. Mungu akufikishe salama huko ninakokutuma, na akupe la kumwambia mama wa watu. Yule mdogo wetu wa kweli sina hata jina la kumwandikia salamu. Nitumie jina lake, kaka, nianze kumtafuta.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,

Mdogo wako, mwandishi.