Vigumba Ulivyovichagua, Kaka

Kaka yangu Suleiman,

Simu zangu hupokei. Akipokea wifi, nakusikia nyuma yake ukimnong'oneza aseme umelala. Basi nakuandikia, na atakayetaka kusoma asome, maana wewe umeshawahadithia watu wote, wa Maskati na wa Unguja, kwamba nilikuvunjia heshima mbele ya mgeni.

Kwanza nikukumbushe tulivyokuwa. Uliporudi kutoka masomoni Amerika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulikuja na shahada yako na ule upinde wa makapi, wenye vigurudumu vya kamba kwenye ncha zake, ambao mama alidhani ni chombo cha kufumia nguo. Ukapata kazi wizarani, Al Khuwair, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana ulikuwa unanichukua kwa gari mpaka kwenye wadi moja, bonde la mto uliokauka, njia ya Yiti. Tukiegemeza gunia la matambara kwenye jabali, tukilenga mpaka vidole vinachubuka. Mashangazi walisema mtoto wa kike ataota mabega ya kuli. Wewe ukacheka. "Usiuvute kwa mkono, Zuwe. Uvute kwa mgongo." Hilo nalishukuru mpaka leo, na ndilo linalonizidishia hasira, maana ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningekwisha kusahau.

Kisha ikaja ile ajali ya gari ikakuharibu bega. Ukaulegeza upinde ili uweze kuuvuta. Mwaka huohuo Dani, mwenzako wa chuo, akakualika milimani kwao ukawinde elki, yule paa mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe zilizotawanyika kama mti uliokauka. Wiki nzima uliimba elki, elki, mpaka mama akaota anamfukuza uani.

Ndipo tukaanza kugombana juu ya vigumba, vile vyuma vya kuchomeka kwenye ncha za mishale. Ulikuwa na aina mbili mezani. Vya kwanza ni vya makali yasiyokunjika, vyembamba. Vya pili ni vya kufunguka: makali yamelala yamekunjwa, na kikimgonga mnyama ndipo yanachanua kama mwavuli. Ulivipenda hivyo kwa sababu karatasi ya tangazo ilisema jeraha lake ni pana.

Nilikwambia nini? Nilikwambia kufunguka kunakula nguvu, na upinde wako uliolegezwa hauna nguvu ya kupoteza. Hukuamini, nikaenda kwa mchinjaji nikanunua mkono wa ng'ombe wenye bega zima, tukaufunika ngozi, tukaupiga kule wadini kwa upinde wako uleule. Kile kisichokunjika kilipasua mfupa wa bega kikatokea upande wa pili. Kile cha kufunguka kilikwama kwenye mfupa, wembe wake mmoja umepinda na mwingine haukufunguka kabisa. Ulikishika mkononi, ukakitazama.

"Hiki kibovu tu," ukasema. "Vingine vizuri."

"Kaka, mnyama atateseka."

"Wewe umewinda wapi? Wattaya, kwenye maduka ya magari?"

Na mama, asiyejua upinde wala mshale, alikuwa na neno lake moja: utaje jina la Mwenyezi Mungu, na chuma kikate kitoe damu, mnyama asife kwa kupondwa. Ulimbusu kichwa ukamwambia, "Inshallah, mama, ntakuletea nyama yake."

Ukaleta. Ulirudi na pakiti za nyama iliyokaushwa na pembe mbili kubwa, ukazitundika majlisi, chumba chetu cha wageni. Ulisimulia jinsi ulivyosema bismillahi, jinsi alivyoanguka palepale. Mama alilia kwa furaha. Ile nyama akaigawa kwa majirani, sadaka ya marehemu baba.

Miaka ikapita. Kisha, mwaka juzi, Dani akaja Maskati, ukamleta nyumbani kula. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikaa katikati kutafsiri. Mgeni akaziona pembe, akafurahi kwa moyo safi kabisa. Akasema, kumbe zile ulizonunua dukani kwa ukumbusho zimefika salama! Akasema alidhani hutataka kukumbuka safari ile, kwa vile yule elki wako ulimpiga begani na kigumba hakikuingia, akakimbia na mshale mwilini. Ulimtafuta mpaka adhuhuri, ukasema bega linauma, ukarudi mjini. Dani aliendelea peke yake siku zilizofuata. Alimkuta yu hai, amelala matopeni, jeraha limeoza, akammaliza yeye. Hakuna aliyeila nyama ile. Ya pakiti, akasema, ulinunua njiani kuelekea uwanja wa ndege.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Wewe ukaniinamia sikioni, mama asisikie, ukaninong'oneza kwa Kiswahili, haraka, huku unamtabasamia mgeni: "Mwambie anasifu biriani."

Kaka, ulitaka niseme uongo kwa mama yangu, mezani kwake, juu ya kitu alichokila na kuwalisha watu kwa jina la baba. Nilimwambia yote. Ndiyo, nilimwambia, na kesho akiniuliza tena ntamwambia tena.

Hakukupigia kelele. Alisimama, akaenda kwenye sinki, akasukutua mdomo. Nyama aliyoila miaka mingi nyuma, na bado akasukutua, tena na tena. Wewe uliushika ufunguo wa gari ukatoka, ukamwacha hata mgeni wako. Nilimrudisha hotelini mimi.

Sasa nikwambie usilolijua, kwa sababu hukurudi kuuliza. Asubuhi yake mama alivaa buibui, na magoti yake yale yanayomuuma, akaniambia nimshike mkono. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, juani. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nyama niliyowapa wakati ule sikuwa na hakika nayo. Nisameheni." Wengine hata hawakumbuki. Bi Rayya alicheka, akamwambia Mungu hamhukumu mtu kwa asilolijua. Mama hakucheka. Pale kwa bwana mmoja mfanyakazi wa benki, kijana wao wa kazi alimwacha amesimama nje kama mwombaji. Nilikuchukia siku ile, Suleiman. Safari ile ilikuwa yako, wewe ndiye uliyetakiwa kugonga milango ile.

Wewe ukaenda kuwaambia mashangazi kwamba nina wivu.

Wifi ameniambia unafunga safari tena, kwa Dani, na umeagiza vigumba vilevile. Basi sikiliza, ingawa hustahili. Chukua visivyokunjika. Vinoe mpaka vinyoe unywele. Usipige mfupa. Na ukipiga, mfuate mnyama mpaka umwone, hata ndege ikikuacha.

Kuhusu mama: anakuulizia. Hajakulaani, hajawahi. Siku hizi anachoka mapema, kwa hiyo piga baada ya alasiri. Ntapokea mimi, ntampa yeye simu, na ntatoka chumbani. Mimi na wewe hatuna la kuzungumza mpaka umalizane naye.

Dada yako,
Zuwena