Babu Yako Hakuwa Daktari

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu zangu. Natumaini mwili wako haujambo na unakula. Mimi nipo. Magoti yamestaafu, mdomo bado uko kazini. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la tatu, kwa hiyo usinicheke mistari ikipanda mlima.

Baba yako amenisomea barua uliyomwandikia, huku anatabasamu. Ati unaacha chuo cha uuguzi mwaka wa mwisho, kwa kuwa amekuambia mjukuu wa daktari habebi vyombo vya haja. Na wewe, jitu zima na ndevu zako, umekubali. Kaa chini. Nimechoka kubeba jambo hili.

Babu yako hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi, mwanamume wa kwanza katika hospitali ile. Alizaliwa kwa mhunzi, wana wanne wa kiume, binti hakuna. Mama yao alipopooza, kaka zake walikimbilia kufua chuma. Yeye ndiye aliyemgeuza, akamwosha na kumlisha miaka sita. Alipokwenda kuomba kazi hospitali, baba yake alimwambia asilete mikono hiyo kwenye sahani yake. Wakala mbalimbali, mpaka mzee naye akaanguka kitandani. Akamtaka nani? Huyo huyo.

Wodini manesi walimwita Bi Harusi. Matroni, mkuu wao, hakumwachia hata kipimajoto. Lakini wagonjwa wanaume, waliokuwa wakijibana kwa aibu, walimngoja yeye. Alirudi nyumbani ananuka dawa, miguu imevimba, anasinzia na tonge mkononi.

Na mimi? Niliona haya. Jirani aliponiuliza, nikasema daktari. Baba yako akakua na uongo huo, akautembeza shuleni kama kiatu kipya. Babu yako alinisikia, hakunikanya. Akaanza tu kuondoka na nguo za kawaida, sare akaivalia huko huko kazini.

Kubwa ni hili. Siku ya mazishi walikuja wauguzi wanaume kumi na mmoja, wamevaa makoti ya sare yao ya uuguzi, wambebe mwenzao. Nikawawahi mlangoni, nikawaambia, "Vueni hayo ndipo muingie." Wakavua. Watu wazima wale wakambeba wakiwa na fulana tu, mbele za watu.

Jana nimemwambia baba yako yote. Ameacha chakula, ametoka, na mpaka sasa hajanisemesha. Nastahili.

Sikuombi ubaki. Kazi hiyo naijua inavyomla mtu. Ikikushinda, acha, urudi, nitakupokea. Ila usiiache kwa ajili ya daktari niliyemtunga mimi.

Wasalimie wenzako wa chuo, hasa wanaume. Na ulale, usijifanye chuma.

Ni mimi bibi yako,
mjane wa muuguzi.