Kitanda cha Baba Kwenye Mashine ya Kusaga

3 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila baba yako bado yuko kitandani na kiharusi chake, upande wa kulia haujarudi na maneno yanatoka nusu nusu.

Fundi wa kampuni yenu alileta king'amuzi kipya ulichotuombea, akaondoka na kile cha zamani, eti ndio utaratibu wenu. Baada ya wiki skrini ikawa nyeusi. Imeandika: "Unganisha intaneti ili kuendelea." Intaneti ya wapi? Umezaliwa humu, unajua mlima unatuzibia mtandao. Na dishi si liko palepale juu ya bati?

Tarehe 24 mdogo wako anadaka mechi yake ya kwanza timu ya taifa. Baba yako ndiye aliyemfundisha kudaka, hapahapa uani. Asipoiona mechi hiyo, tutagombana.

Mama yako

9 Mei

Mama, shikamoo.

Pole kwa kuuguza. Picha inatoka kwenye setilaiti kama zamani, intaneti ni ya vipindi vya kuchagua mwenyewe. Lakini wiki ya kwanza ikipita, king'amuzi kinauliza makao makuu kwa intaneti kama bado ninyi ni wateja, na kisipojibiwa kinafunga vyote. Tulikijaribu ofisini, ambako intaneti haikatiki. Hakuna aliyewahi kuchomoa waya tuone, hata mimi.

Mkuu wangu anasema mtandao utafika huko "hivi karibuni". Nitambana. Mwambie baba ataiona mechi.

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo unachemka. Ahadi yako haikufika.

Kule mlimani kwenye mashine ya kusaga kuna umeme, na mtandao unashika. Nilikipeleka king'amuzi, kikafunguka. Kukirudisha nyumbani, kikauliza upya. Kumbe ukikichomoa tu kinasahau! Basi jana majirani wamembeba baba yako na kitanda chake mpaka mashineni. Mmoja kabeba runinga, mwingine kang'oa dishi. Msagaji akazima mashine, watu wakakaa juu ya magunia. Vumbi la unga likamkaba baba yako, akakohoa kipindi kizima cha kwanza.

Mdogo wako akadaka penalti. Baba yako akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Kadaka!" Neno kamili, la kwanza tangu augue. Nililia. Halafu hasira zikanipanda upya, maana neno lile alistahili kulisema nyumbani kwake. Sasa kifua kinambana.

Mwalimu jirani yetu alipiga picha, anakutumia kwa simu. Waonyeshe mabosi wako.

Mama yako

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo. Kifua cha baba yako kimepata nafuu.

Jana nilikwenda mjini kuchukua dawa zake. Pale kituo cha basi kuna bango kubwa kama ukuta wa nyumba yetu. Ni baba yako, kitandani, katikati ya magunia, mkono juu, shuka limeteleza na mapaja yako nje. Baba yako, ambaye hakuwahi kufika hata getini bila kufunga vifungo vyote! Chini wameandika: "Popote ulipo, hukosi mechi." Vijana wanapita wanamcheka.

Nani kawaruhusu? Niambie si wewe uliyewapa.

Mama yako

27 Juni

Mama, shikamoo.

Ni mimi. Niliionyesha picha ile kwenye mkutano, mbele yao wote, ili waone aibu. Wakapokezana simu yangu, nikadhani imewaingia. Mkuu wa matangazo akaniomba nimtumie, nikafikiri anampelekea mkurugenzi. Nilipowaambia waliondoe bango, wakacheka, wakasema baba amekuwa maarufu.

Nisamehe. Baba nitamwomba radhi mwenyewe, ana kwa ana.

Nakuja Jumamosi. Nimeingia stoo ya kampuni, king'amuzi chetu cha zamani nimekikuta, bado kina rangi ya kucha aliyokipaka mdogo wangu. Kimo ndani ya begi na sikumwomba mtu ruhusa. Hiki hakiulizi intaneti, na matangazo yake bado yanarushwa, baba ataangalia mechi zote zilizobaki kitandani kwake.

Nikichelewa kidogo msiwe na wasiwasi. Nitashuka kwanza pale kituoni kwenye bango. Nimebeba kisu cha kukatia nyaya.

Mwanao