Mbuzi Mweupe wa Daraja Mbili

Ikonge, Nyamira

Mume wangu Anyona,

Chai imechipuka vizuri, na mama yako hajambo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikipiga simu huwa ameketi hapo hapo, anasikiliza.

Yule mbuzi mweupe uliyeninunulia soko la Daraja Mbili alitupa mimba. Nilimvuta mtoto mfu kwa mikono mitupu, kama tunavyofanya sote hapa. Baadaye nikashikwa na homa, nikameza dawa za malaria.

Juzi daktari wa mifugo alileta majibu ya damu ya mbuzi: ni brusela, ugonjwa unaoambukiza watu pia. Aliponiona natetemeka akauliza, “Mama, wewe una mimba?”

Nikamjibu, “Nilikuwa nayo.”

Nimepimwa pia. Damu yangu ina alama zilezile za mbuzi. Nameza dawa, nitapona. Mbuzi ameondolewa, zizi ni tupu sasa, na jioni sina wa kumkatia majani.

Barua yako ya mwisho uliitia sahihi “Baba Nyamoita”, jina la marehemu nyanya yako tulilomtunzia mtoto. Ukinijibu, andika Anyona tu.

Mkeo,
Purity