Jezi Aliyovalishwa Kaka Yangu

Kasansa

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Huku mpunga umekubali, na goti la mama yako limeacha kuuma.

Unaniuliza vijana wa kata uliyopangiwa watakuaminije wewe polisi, na kama bonanza la mpira litatosha. Umeniamshia hasira, mama.

Nikiwa binti, polisi walituletea mpira na jezi hapahapa Kasansa. Mkubwa wao alimvalisha kaka yangu Paskali kwa mkono wake mwenyewe, wakapiga picha wamekumbatiana, sisi vigelegele. Wakati wa mavuno Paskali akawa anatoka shambani na baiskeli, jezi mwilini. Mkubwa yuleyule akamsimamisha: "Wewe, jezi yetu umeiiba wapi?" Akamweka ndani. Alivyorudi nyumbani sitaki kukueleza.

Jezi aliikumbuka, mtoto wa watu hakumkumbuka! Ule ulikuwa urafiki gani?

Bonanza fanyeni. Ila kesho yake nenda majumbani kwao, ukae, uwajue kwa majina na mama zao.

Babu yako Paskali anakupenda sana. Lakini kila akisikia unakuja likizo, anauliza kwanza kama utakuja umevaa sare.

Bibi yako