Dakika Tatu za Ua Dume

Jumatatu, 3 Machi
Chai, kiporo cha ndizi, kisha kufungua mfumo wa chuo kuona nani kasoma. Kama kila Jumatatu, hakuna aliyemaliza. Somo langu la mnyauko wa migomba lina dakika hamsini. Wakulima wanaishia ya sita, pale ninapoanza historia ya zao. Leo nimejitazama mwenyewe. Nilisinzia ya kumi na nne.

Nimeamua. Nitalimega kuwa matonge ya dakika tatu tatu, yakae kwenye mfumo huo huo, kando ya somo refu.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu wa chuo hapendi. Anasema elimu si karanga. Kanipa mpaka mwisho wa Aprili nithibitishe kwamba yanafaa. Kasema kwa ustaarabu, ndiyo maana imeuma.

Nimekatakata video jioni nzima, hapa nyumbani Kagondo. Mke wangu kauliza kama hatimaye najifunza kunyamaza.

Jumatatu, 10 Machi
Yanatazamwa. Ma Kokugonza wa Kishanda, mtoro wangu namba moja, ametazama mara nne tonge la kuondoa ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu na kuingiza ugonjwa, akisubiri ebitoke, ndizi zake za kupika, viive. Mtandao wa kule hauvumilii hotuba, ila dakika tatu unapitisha. Nimetembea ofisini kama jogoo.

Ijumaa, 14 Machi
Jogoo kanyonyolewa.

Ma Kokugonza ametuma picha. Maua dume yamepangwa chini kwa mstari, na juu yake omuhoro, kile kisu chetu kilichopinda. Ameyakata yote kwa kisu. Tena cha kuazima kwa jirani, kama tunavyoazimana kila kitu. Na migomba ya jirani inaumwa. Kisu ndicho kinachobeba ugonjwa.

Nimefungua tonge. Maneno "tumia mti wenye panda, usitumie kisu" yameangukia tonge linalofuata. Nililipanga litoke Jumatatu ijayo. Yeye kafuata kila nilichomfundisha. Kosa ni langu lote. Nimepiga simu.

"Waitu mwalimu, si ulisema niyaondoe?" kauliza, kwa heshima ile ile.

"Nilisema nusu, Ma."

Kibanja chake, shamba la migomba kuzunguka nyumba, kina kaburi la mumewe. Wajukuu wanakula humo. Sijala.

Jumamosi, 15 Machi
Kishanda, kwa pikipiki, na mvua. Hakunigombeza. Kaniwekea kahawa ya kutafuna. Afadhali angenigombeza.

Tumekichoma kisu motoni. Nimekata mti mrefu wenye panda, nikamwonyesha kushika ua kwa panda, kusokota, kuvunja. Dalili huchukua wiki kadhaa. Nimerekodi upya humo humo kibanjani: mikono yake, sauti yangu kidogo kadiri inavyowezekana.

Sharti jipya: kila tonge liwe salama hata kwa mtu asiyetazama jingine maishani. Na mwisho wake limwelekeze kwenye somo refu.

Alhamisi, 3 Aprili
Kila asubuhi picha kutoka Kishanda. Bado safi. Mkuu amesikia, kaniambia nifute matonge yote. Nimekataa. Nadhani ni mara ya kwanza kumkatalia mtu aliyevaa tai. Nimemwambia nilikosea mahali pa kukata, na kwamba mahali hapo nimeshaparekebisha.

Ijumaa, 11 Aprili
Mgomba mmoja. Ndizi changa zimeiva kabla ya wakati, ndani zimeoza.

Lakini Ma Kokugonza alipopiga simu alikuwa ameshaukata chini kabisa na kuchoma kisu. Nikauliza kajuaje. Kwenye somo refu. Alipanda mpaka sokoni Muleba penye mtandao, akalitazama lote. Hata historia ya zao. Kasema ile bora ningeiacha.

Jumatano, 30 Aprili
Muda alionipa Mkuu umeisha leo, naye ametuma ujumbe wa neno moja: Endelea.

Nimekwenda Kishanda. Migomba mitatu imekwenda. Mingine yote tumeizunguka, mmoja mmoja. Safi. Nitarudi mwezi ujao kuangalia tena.

Jirani alikuja kuazima ule mti wenye panda. Ma Kokugonza hakumpa. Kwanza kampa simu. Jirani akasimama mlangoni, akatazama dakika zake tatu mpaka mwisho. Ndipo akapewa mti.

Mimi nilikaa natafuna kahawa. Sikuongeza neno.